Mwethya na Faida ya Mtu Binafsi

Mito mingi ya Kitui na Makueni ni mito kwa muda mfupi tu wa mwaka. Mvua za vuli zikinyesha, kati ya Oktoba na Desemba, na za masika zikifuata kama zitafuata, Kaiti, Nzeeu na Tiva hufurika kwa ghafla, hukokota udongo na mchanga kutoka vilimani, kisha hukauka na kubaki njia pana za mchanga. Wakazi wamejifunza kuyazuia maji hayo kwa ukuta wa mawe na saruji unaokata mto kutoka ukingo hadi ukingo, ukiwa umekalia mwamba. Mafuriko ya msimu mmoja, miwili au mitatu hujaza mchanga upande wa juu wa ukuta, na kati ya robo na asilimia 40 ya ujazo wa mchanga huo huwa ni maji ambayo jua haliwezi kuyanyonya upesi wala mbu hawawezi kuzaliana ndani yake. Bwawa hili la mchanga ni rahisi kulieleza na gumu kulijenga, kwa kuwa sehemu kubwa ya gharama yake hailipwi kwa pesa. Mfadhili huleta saruji, nondo na fundi. Mawe, mchanga, maji ya kukorogea na mikono huletwa na mwethya, yaani majirani waliokubaliana kufanya kazi pamoja bila ujira. Huko Kitui, wakfu wa SASOL pamoja na makundi ya namna hiyo walijenga zaidi ya mabwawa 500 tangu miaka ya 1990, na utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulikadiria kuwa watu 67,500 walipata maji kwa urahisi zaidi, kwa gharama ya takriban dola 35 kwa kila mtu. Hesabu hiyo inatuambia mengi kuhusu waliochota maji. Kuhusu waliobeba mawe haisemi kitu.

Hao waliobeba mawe ndio ninaotaka kuuliza habari zao. Mtu anapata nini, yeye mwenyewe, kwa kuifanyia jamii kazi asiyolipwa? Wapo wanaoona aibu kuuliza, kwa kuwa kwao anayehesabu faida hajajitolea. Wapo pia wanaouliza kwa pupa, hasa siku hizi ambapo kijana huambiwa ajitolee ili apate cheti cha kuambatisha kwenye barua ya kuomba kazi. Mwethya haukuwahi kuwa upande wa yeyote kati yao. Tangu zamani ulikuwa deni la heshima: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na asiyefika kwa wenzake anajua shamba lake litamsubiri peke yake. Hakuna aliyeficha kwamba anatazamia kurudishiwa, wala hakuna aliyeona kwamba kutazamia huko kunaitia kazi doa. Ninaloshikilia ni kwamba faida ya kujitolea kwa mtu binafsi, iwe ya riziki, ya ujuzi au ya moyo, ni ya kweli na inathibitika, lakini haitokani na ule ubure wa kazi. Inatokana na hiari na usemi. Mtu akichagua mwenyewe kufika, na akawa na neno juu ya kinachofanywa, jasho lake humrudia kwa njia nyingi. Akiamriwa, au akitumiwa, kazi ileile humchosha na kumwacha alivyokuwa.

Ukambani, yaani Kitui, Makueni na jirani yao Machakos, ni mahali pazuri pa kulipima dai hili, kwa sababu watu wake wameifanya kazi moja, kwenye ardhi moja, katika hali zote mbili. Mwaka 1937 afisa wa hifadhi ya udongo wa serikali ya kikoloni, Colin Maher, aliandika ripoti iliyoionyesha ardhi ya Wakamba kuwa imeharibika vibaya, na lawama akawatupia wenyewe na mifugo yao. Mwaka uliofuata serikali ikaanza kuwapunguzia ng'ombe kwa nguvu. Maelfu ya Wakamba wakaandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu, wakakaa huko mpaka serikali ikalegeza kamba. Mbingu mwenyewe alihamishiwa Lamu akiwa kizuizini. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ikaja kazi ya lazima ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko. Serikali ililichukua jina la mwethya, jina la majirani kualikana, ikalibandika kwenye kazi iliyosimamiwa na machifu na kulazimishwa kwa adhabu. Matuta yalichimbwa, hilo halikanushiki. Lakini Uhuru ulipofika mwaka 1963, wengi waliacha kuyatunza, kwa sababu machoni pao yalikuwa alama ya kutawaliwa.

Kisha likatokea jambo ambalo wasomi wa kilimo bado wanalijadili. Kuanzia miaka ya 1970 wakulima walewale, na watoto wao, walirudi kwenye matuta bila kusukumwa. Safari hii walichimba zaidi yale ya fanya juu, ambayo udongo wa mtaro hutupwa upande wa juu wa mteremko ili shamba lijisawazishe lenyewe kadiri miaka inavyopita, na makundi ya kazi yalikuwa na viongozi waliochaguliwa na wanachama, wengi wao wanawake. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, katika kitabu chao cha mwaka 1994 kuhusu wilaya ya Machakos ambayo hapo awali ilijumuisha Makueni, walionyesha kuwa kati ya miaka ya 1930 na 1990 idadi ya watu iliongezeka zaidi ya mara tano, ilhali thamani ya mazao kwa kila mtu iliongezeka mara tatu na mmomonyoko ukapungua. Sisemi kwamba hiari peke yake ilileta hayo. Kulikuwa na kahawa, barabara, soko la Nairobi na mishahara iliyotumwa nyumbani. Nasema tu kwamba jembe lilikuwa lile, mteremko ule, na hata jina la kazi lile. Kilichobadilika ni nani aliyeamua, na mavuno yalikuwa ya nani. Aliyechimba kwa amri aliona siku yake imepotea, na aliyechimba kwa zamu za majirani aliona shamba lake limenyooka.

Tuseme shamba limenyooka na bwawa limejaa. Je, kuna kilichobaki kwa mtu mwenyewe, cha kwenda nacho mahali pengine? Kujibu hili inafaa kuangalia mwethya unafanya nini hasa, kwa sababu wanaoutazama kwa mbali huona foleni ya watu wakipokezana mawe na hudhani ni nguvu tu. Kundi linalojenga bwawa lina mwenyekiti, karani na mweka hazina. Karani huweka daftari la mahudhurio, kwani asiyefika hutozwa faini, na faini isiyo na maandishi huzaa ugomvi. Mweka hazina hushika michango midogomidogo ya watu wasiokuwa na senti ya kupotea, na huulizwa hesabu mbele ya wote. Lazima mtu azungumze na wenye mashamba ya kingo zote mbili ili wakubali njia ya kufikia maji iwe ya wote, na maafikiano hayo yaandikwe, maana mto ukishaanza kutoa maji wakati wa kiangazi kila mtu hukumbuka mpaka wake. Lazima wengine wajifunze kupima mkondo wa matuta kwa uzi na pima maji, waelewe kwa nini ukuta usiokalia mwamba utapitiwa na maji kwa chini, na wajue kiasi cha saruji cha kuchanganya. Lazima mwingine aandike barua kwa mfadhili, kisha asimame mbele ya wageni aeleze kwa nini kundi lake linastahili. Makampuni hulipa watu wafundishwe kuandika kumbukumbu za mkutano, kusimamia fedha, kupatanisha na kusimamia mradi hadi uishe. Kundi la utunzaji ardhi lililoanza mwaka 1978 huko Utooni, Kola, kwenye barabara ya kutoka Machakos kwenda Wote, likiongozwa na mkulima Joshua Mukusya, lilianza kama majirani wanaosaidiana na likakua hadi kuwa shirika lililofundisha makundi mengine na kufanya kazi na wafadhili wa ng'ambo. Ujuzi huo haukutoka nje ukiwa tayari. Ulikua katika mikutano na makosa ya kazi yenyewe.

Kuna faida ya pili, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kwa anayetafuta riziki: kuonekana ukifanya kazi. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha makala kuhusu jinsi watu wanavyopata kazi. Aliwahoji wafanyakazi waliopata ajira kupitia watu wanaowajua, katika mji ulio karibu na Boston, na akakuta kuwa ni takriban mmoja kati ya sita tu aliyesaidiwa na mtu waliyeonana naye mara kwa mara. Wengi walisaidiwa na watu wa mbali kidogo. Sababu haihitaji elimu kubwa: rafiki wa karibu anajua yale unayoyajua wewe, na huyo wa mbali anajua mengine. Sasa fikiria kijana wa Mutomo au wa Kibwezi aliyemaliza shule. Ndugu zake wako kijijini au wanahangaika Nairobi kama yeye. Kazi ya kundi humkutanisha na afisa wa maji wa kaunti, fundi mkuu, mwalimu mkuu aliyetoa darasa la mikutano, mhasibu wa shirika, na wazee wa vijiji vitatu. Kila mmoja wao amemwona akifika saa aliyosema atafika, au asifike. Hakuna barua ya kupendekezwa inayoshinda ushahidi wa namna hiyo. Na hapa ndipo hiari inapolipa tena. Aliyesukumwa kuja, mashahidi hao humwona akiburura miguu.

Ushahidi wa takwimu upo, ingawa si wa Ukambani. Mwaka 2013 shirika la serikali ya Marekani linalosimamia huduma za kujitolea lilichambua kumbukumbu za zaidi ya watu 70,000 waliokuwa bila kazi kati ya mwaka 2002 na 2012. Waliojitolea walikuwa na uwezekano wa kupata kazi uliozidi wa wenzao kwa asilimia 27. Kwa wale ambao hawakumaliza sekondari tofauti ilikuwa asilimia 51, na kwa waishio vijijini asilimia 55. Nayataja makundi hayo mawili kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo yanayofanana zaidi na vijana wa Kitui na Makueni: watu ambao vyeti vyao havisemi mengi na walio mbali na mahali ajira zinapotangazwa. Pingamizi la haraka ni kwamba labda wanaojitolea ni watu wenye bidii na afya tangu mwanzo, na wangepata kazi hata wasingejitolea. Pingamizi hilo lina uzito, na uchambuzi ule hauwezi kulifuta kabisa. Ndiyo maana inafaa kutazama jaribio lililofanyika Vancouver, Kanada, na kuchapishwa mwaka huohuo wa 2013: wanafunzi 106 wa sekondari waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakaanza kuwasaidia watoto wa shule ya msingi mara moja kwa wiki kwa wiki 10, nusu wakasubiri. Walioanza walionekana baadaye kuwa na lehemu ndogo zaidi na dalili chache za uvimbe katika damu, na nafuu ilikuwa kubwa kwa wale ambao huruma yao iliongezeka na huzuni yao ikapungua. Kura ndiyo iliyoamua nani aanze, si bidii yake. Wiki 10 za darasani Kanada haziwezi kuthibitisha kila kitu kuhusu mto Tiva, lakini zinaonyesha kuwa kazi ya kuwafaa wengine inaweza kumbadilisha anayeifanya, badala ya kuwachuja tu waliokwisha kuwa wazima.

Kuna pingamizi zito zaidi, nalo linatoka Makueni kwenyewe. John Murton, aliyefanya utafiti katika milima ya Mbooni na kuuchapisha mwaka 1999, alionyesha kuwa habari njema za Machakos hazikumgusa kila mtu kwa usawa. Familia zilizokuwa na mshahara kutoka mjini ziliweza kununua ardhi, mbolea na vibarua. Zisizokuwa nao zilirudi nyuma. Kwa hiyo mtu anaweza kuuliza: je, kujitolea si anasa ya aliyeshiba? Mjane mwenye watoto wanne, anayetembea saa nyingi kutafuta maji, atoe wapi asubuhi mbili kwa wiki? Nalikubali pingamizi hili zaidi ya nusu. Wanawake ndio wengi katika myethya, na hubeba mawe baada ya kubeba maji na kuni. Kuwasifu kwa moyo wao bila kuwapunguzia mzigo ni dhuluma iliyovishwa pongezi. Lakini tazama kwa nini wanakuja. Bwawa likijaa, saa za kutafuta maji hupungua kwa miaka mingi mbele, na mwenye saa hizo mkononi anaweza kulima bustani ya sukuma wiki na nyanya au kuuza ndengu sokoni mwenyewe. Tena mtu asiye na ng'ombe wa kulimia wala pesa za vibarua ndiye anayeuhitaji zaidi mwethya, kwa kuwa jasho ndilo mtaji pekee alionao, na kundi ndilo linalompa siku 20 za mikono ya watu wengine badala ya siku zake 20. Kwa tajiri kundi ni jambo la hiari kwa maana nyepesi. Kwa maskini ni benki yake. Kosa hutokea kazi hiyo inapojenga kitu kisichomrudia: barabara ya kwenda kwa mwenye gari, au mradi uliochaguliwa na mtu wa mbali.

Na kosa kubwa kuliko yote hutokea pale serikali inapogundua kuwa watu wana moyo. Kenya ilipoanzisha mkakati wake wa afya ya jamii mwaka 2006, iliuweka juu ya mabega ya wahudumu wa kujitolea. Baadaye kila mmoja alipewa kaya zipatazo 100: apime watoto utapiamlo, afuatilie wajawazito, awakumbushe wagonjwa wa kifua kikuu dawa zao, aandike yote hayo na kuyapeleka zahanati. Hiyo ni kazi, na inafanywa kila wiki bila mwisho, tofauti na bwawa ambalo siku moja huisha. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaotaka wahudumu wa aina hiyo walipwe kulingana na kazi yao, na Septemba 2023 serikali ya Kenya iliwapa zaidi ya wahudumu 100,000 jina jipya, mikoba ya vifaa na ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Ni hatua, na shilingi 5,000 bado si mshahara. Nasisitiza habari hii kwa sababu anayehubiri faida za kujitolea bila kuitaja anawasaidia wanaotaka kupata kazi ya bure. Mkulima anayechimba tuta kwa jirani anarudishiwa tuta. Mhudumu anayetembelea kaya 100 anaitimizia serikali wajibu wake, na serikali haiji kulima kwake. Jambo lililo wajibu wa serikali, lililo la kudumu, na linaloamuliwa juu, lilipwe. Namna hiyohiyo kijana anayefanyishwa kazi ofisini kwa mwaka mzima bila malipo, akiambiwa anapata uzoefu, hajajitolea kwa jamii yoyote. Amemwongezea faida mwenye ofisi.

Makueni yenyewe imeonyesha jinsi usemi unavyoweza kupewa watu wa kujitolea pale wanapokutana na pesa za umma. Chini ya gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, kaunti ilijenga ngazi za mikutano kuanzia vijijini kupanda juu, na kila mradi ukawa na kamati ya wakazi wasiolipwa mshahara, waliochaguliwa na majirani zao. Uzito wa kamati hizo ni kwamba mkandarasi alipaswa kupata sahihi yao kabla ya kulipwa. Kinyozi au mwalimu mstaafu aliyejifunza kusoma orodha ya vipimo vya zahanati, akahesabu mabati, akakataa kutia sahihi, amepata elimu ambayo semina haiwezi kumpa. Linganisha na harambee ilivyogeuka. Wito alioutoa Jomo Kenyatta wakati wa Madaraka mwaka 1963 ulikuwa wa kuvuta pamoja, na shule nyingi za Kitui zilisimama kwa nguvu za wazazi. Baadaye jukwaa likachukuliwa na wanasiasa wenye bahasha, na mwananchi aliyekuwa mjenzi akawa mpiga makofi. Mpiga makofi hajifunzi kusimamia kitu. Nchini Rwanda umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, ni wajibu wa kisheria, na umesafisha na kujenga mengi. Hata hivyo yeyote anayetaka Kenya iuige anapaswa kwanza kukumbuka matuta ya miaka ya 1940 na yaliyoyapata baada ya mwaka 1963.

Linalobaki ni la kiutendaji, na linawezekana sasa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2018 ilikadiria kuwa karibu asilimia 70 ya kazi ya kujitolea duniani hufanyika nje ya mashirika, mtu kwa mtu, na mwethya umo humo. Kwa hiyo kijana aliyekaa wiki mbili katika shirika lenye nembo hupata cheti, na aliyeshika daftari la mwethya kwa miaka mitatu huandika kwenye wasifu wake kwamba hana uzoefu. Huo ni uongo anaojisemea mwenyewe kwa kukosa kuambiwa vinginevyo. Aandike: karani wa kundi lenye wanachama kadhaa, alisimamia mahudhurio na faini, bwawa moja limekamilika, mahali fulani, mwaka fulani. Aliyejifunza uashi ukutani mwa mto anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwanda, na kutoka na karatasi inayotambulika Mombasa na Eldoret. Bodi za utumishi za Kitui na Makueni, zinapoajiri maafisa wa maji, wa kilimo na wa vijiji, ziupokee waziwazi muda wa kazi ya kundi kama uzoefu, mradi daftari lipo na limetiwa sahihi na karani aliyehesabu mahudhurio, si na mheshimiwa aliyefika siku ya kuzindua.